Mdomo Haupimwi

Chati ya dawa za kulevya ilifika Shule ya Msingi ya Kamurinja na gari la ofisi ya elimu, ikiwa mpya na inanuka rangi, na Mwalimu Ruguru akaibandika ukutani mwa Gredi ya Tano kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa na chupa ya pombe, sigara, msokoto wa bangi, bomba la sindano na unga mweupe juu ya kioo. Aliyeichora, popote alipo, hakuwahi kukanyaga Mbeere. Huku watoto hawajui unga mweupe mwingine ila wa ngano, na huo wenyewe wanauona Krismasi. Muguka, mti ambao majani yake hutafunwa kufukuza usingizi na njaa, na ambao unaanza nyuma tu ya ukuta wa darasa hilo na kushuka mpaka mtoni, haukuwa kwenye picha.

Kipindi kilikuwa cha mwisho Ijumaa. Ruguru aliufuata mwongozo uliokuja na chati kama ulivyoandikwa. Alitoa peremende mkobani, akajikunja uso akawa mtu mbaya, akamsogelea msichana aliyekaa dawati la mbele, jina lake Kendi.

"Mimi ni mtu usiyenijua. Nimekukuta njiani. Shika, onja kidogo, ni tamu."

"Hapana! Sitaki! Niache!" Kendi akapiga kelele huku amenyoosha kiganja, na darasa zima likavunjika mbavu. Kila mtu alitaka zamu yake. Walikataa peremende ile kwa ukali na kwa furaha kubwa, na Ruguru akaanza kujiambia kwamba somo hili ni rahisi kuliko hesabu.

Ndipo Gichovi, ambaye huwa anauliza maswali wakati wenzake wamekwisha kufunga mikoba, akainua mkono. "Lakini madam, hakuna mtu hatumjui hutupea."

"Huwapa nini?"

"Muguka."

Ruguru aliuliza ni wangapi waliowahi kuuonja. Aliuliza akitarajia mikono miwili, labda mitatu ya watundu. Iliinuka karibu yote, bila aibu yoyote, kama vile angeuliza ni nani aliyekunywa chai asubuhi.

"Mliutoa wapi? Dukani?"

"Kwa kuchuma, madam," Kendi akasema. "Si mdomo haupimwi?"

Hiyo ndiyo sheria ya mashamba ya huku, na kila mtu anaijua. Mchumaji hujifunga mfuko kiunoni, akachuma vichipukizi laini, na jioni akalipwa kwa kilo. Kinachoingia mfukoni kinapimwa. Kinachoingia mdomoni hakipimwi. Mwenye shamba anakuacha utafune mpaka ushibe, ilmradi usibebe cha kupeleka nyumbani, na wala hapati hasara, kwa sababu anayetafuna hasikii njaa, hasikii jua, na hasimami kula. Ruguru aliijua sheria hiyo tangu alipoolewa. Ila aliijua kuhusu watu wazima. Jumamosi za kuchuma yeye huwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya, na shamba kwake ni kitu cha kutazama dirishani.

"Kuchuma kwa nani?" akauliza.

Gichovi akamwangalia Kendi. Kendi akaangalia dawati.

"Kwenu, madam," Gichovi akasema. "Kwenu ndiko kuzuri, Baba Tabby hachokozi watu. Hata Tabby hutafuna. Yeye hupewa ile laini ya juu kabisa."

Tabby ni mtoto wa pekee wa Ruguru, yuko Gredi ya Nne. Kwa muda mrefu alikuwa hali vizuri na halali vizuri, na mama yake, mwalimu mwenye cheti, alikuwa amemnywesha dawa ya minyoo mara mbili muhula huo.

*

Jioni sahani ya Tabby ilikaa mezani na githeri yake ikapoa. Ruguru hakumgombeza. Alimwuliza tu, mbele ya baba yake, kama ni kweli hutafuna muguka shambani.

Mtoto alimtazama baba yake kwanza. "Baba akinipea, nitakataa aje?"

Baba huyo, Ndwiga, alikuwa ameketi mlangoni akishona gunia lililochanika. Si mtu mbaya, na ni vizuri lisemwe mapema. Halewi, hapigi mtu, anampenda mtoto wake mbele ya macho ya watu, jambo ambalo wanaume wengi wa huko hulionea haya. Ile chipukizi laini ya juu kabisa ndiyo inayouzwa bei nzuri kuliko zote, naye anaikata na kumpa binti yake kwa sababu hivyo ndivyo baba yake alivyomfanyia yeye.

"Ni tujani tuwili, Mama Tabby," alisema bila kuinua uso. "Mimi nilianza nikiwa mdogo kumliko. Niko sawa."

"Uko sawa? Ni lini mara ya mwisho ulilala mpaka asubuhi?"

"Mtu akilala sana atakula nini?"

"Nimempa mtoto dawa ya minyoo, Baba Tabby! Mara mbili! Ulikuwa umeketi hapo hapo ukiniona nikimshika pua anywe, na hukusema kitu."

Hapo Ndwiga aliona haya, lakini mwanaume akiona haya ndani ya nyumba yake hutafuta hasira haraka. "Sasa unataka nini? Nifunge wachumaji mdomo? Wataenda kwa Gachoki kesho asubuhi, wote, na majani yakomae kwa miti. Hii nyumba unalala ilijengwa na nini? Chaki?"

Neno hilo lilimwuma Ruguru, maana lilikuwa la kweli. Mshahara wake ulikuwa unaliwa na mkopo wa benki kabla haujamfikia mkononi. Mabati, tangi la maji, hata viatu alivyokuwa amevaa, vyote vilitoka mtoni kule kwenye muguka.

"Sijasema ung'oe shamba," akasema polepole. "Nasema watoto wasitafune. Tabby asitafune. Ukimpa, akatae."

Ndwiga akaweka sindano chini. "Mtoto akatae kitu kwa mkono wa baba yake? Hiyo ndiyo mnafundisha huko? Mama Tabby, hiyo ni adabu ya wapi?"

Tabby aliinuka akaenda kulala bila kula. Waliusikia mlango wa chumba chake. Ruguru aliumwa moyoni, tena vibaya, na kilichomuuma zaidi si mume wake. Ni lile swali la mtoto, tena swali la maana, atakataa aje. Mwongozo ulifundisha kumkataa mtu usiyemjua. Ukurasa wa kumkataa baba haukuwamo.

*

Jumatatu ni siku mbaya Kamurinja. Watoto waliochuma Jumamosi yote wanakuja wamekauka midomo, wengine wanasinzia, wengine wanagombana kwa kalamu iliyoanguka. Walimu wamezoea, wanasema ni uvivu wa wikendi.

Siku hiyo Ruguru aliibandua chati, akaigeuza nyuma, na upande mweupe akachora tawi la muguka kwa kalamu nene. Hakuwa mchoraji, lakini hakuna aliyeuliza ni nini.

"Leo mimi si mtu msiyemjua," aliwaambia. "Leo mimi ni mama yako. Kendi, njoo. Tuko shambani, tumechoka, nimekata hii nakupa. Shika, mwanangu."

Kendi akanyoosha kiganja kwa nguvu kama alivyofanya Ijumaa. "Hapana! Nia—" Akakwama. Kiganja kikashuka chenyewe. Darasa halikucheka.

"Siwezi kumwambia mama 'niache'," Kendi akasema. "Atanichapa. Na hata asiponichapa, atahisi vibaya."

Walijaribu maneno mengi. Mmoja alisema atajifanya mgonjwa, wakaona huo ni uongo na utaisha kesho yake. Mwingine akasema atapokea na kutupa akigeuka, wakamzomea, maana kutupa muguka kwenye shamba la watu ni kutafuta kichapo kingine. Ni Gichovi aliyelipata. Kwao amelelewa na nyanya yake, na nyanya hana mchezo na adabu. Alisimama, akapokea lile tawi la karatasi kwa mikono miwili, kama mtoto anavyopokea kitu cha mkubwa. Akainamisha kichwa kidogo. "Asante, shosho. Lakini sitatafuna." Kisha akalirudisha kwa mikono ile ile miwili.

Ruguru akalipokea. Aliwafanya wote wafanye hivyo, mmoja mmoja, mpaka kengele ikalia na Gredi ya Sita wakaja kuchungulia dirishani. Wakati wa mapumziko akaenda Gredi ya Nne, akawafundisha na wao. Tabby alikuwa ameketi nyuma kabisa. Zamu yake ilipofika alipokea, akasema yale maneno kwa sauti ya kutosikika, akarudisha bila kumtazama mama yake.

Kufikia Jumatano kijiji kilikuwa kimeingia moto. Kuna watu huchuma asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, na kila mahali, kwenye kila mstari wa miti, kulikuwa na mtoto anarudisha jani kwa mikono miwili na kichwa kimeinama. Nyanya ya Gichovi alikwenda mpaka barabarani kulalamika. "Nimerudishiwa na mjukuu wangu," aliwaambia watu, "kama nimempea noti bandia!"

*

Ruguru aliitwa ofisini Alhamisi. Mwalimu mkuu, Bwana Nyaga, alikuwa na chai mbele yake, na Gachoki alikuwa na chai mbele yake. Viti vilikuwa vitatu, ila cha tatu kilikuwa na kofia ya Gachoki juu yake, na hakuna aliyeiondoa. Ruguru akasimama.

Gachoki ni mwenyekiti wa bodi ya shule. Pia ndiye dalali anayenunua muguka wa upande huo wote wa mto. Mzani ni wake, pikapu ni yake, na ana shamba lake mwenyewe kubwa. Ukuta wa choo kipya cha wasichana una jina lake kwa rangi ya bluu.

"Mwalimu," Nyaga alianza, "hakuna mtu anakataza hilo somo. Ni somo zuri. Serikali inalitaka. Lakini si uko na chati? Fundisha ile iko kwa chati."

"Iliyo kwenye chati haipo Kamurinja, mwalimu mkuu."

"Ndiyo maana ni nzuri!" Gachoki akacheka. "Fundisha kokeini, madam. Fundisha mpaka uchoke. Hakuna mtu hapa analima kokeini. Muguka ni zao, iko kwa sheria, kama chai na kahawa. Unataka watoto waone wazazi wao ni wauzaji wa madawa?"

"Chai pia iko kwa sheria, mzee. Lakini mtoto akinywa chai analala."

Gachoki aliweka kikombe chini. Hakucheka tena. "Mimi sijui kubishana na walimu. Kesho kuna mkutano wa wazazi. Utasimama uwaambie ulikosea, kwamba hukumaanisha watoto wakatae wazazi. Tu hivyo. Neno moja, watu waende nyumbani." Akachukua kofia yake kitini, akaipangusa. "Kwa sababu Jumamosi shamba ya Ndwiga iko tayari, nimepita nimeona. Imetoka vizuri sana. Ningesikia vibaya pikapu ipite bila kusimama."

Nyaga aliangalia chai yake. Hakuwa anafurahia, lakini mtu anaweza kutofurahia na bado akaendelea kunywa. "Na pia mambo ya uhamisho, Mwalimu Ruguru," akaongeza kwa sauti ya chini. "Yakianza hayashikiki. Mimi nakuambia kama ndugu."

Nyumbani Ndwiga alikuwa amekwisha kuambiwa, njia za huko hupeleka habari haraka kuliko simu. Safari hii hakufoka. Afadhali angefoka. Alimfuata mkewe mpaka jikoni, akasimama karibu na jiko kama mtu aliyekuja kuomba moto.

"Sema tu pole, Mama Tabby. Pole haiui mtu. Muguka ikipita Jumamosi imekuwa ngumu, na ikikuwa ngumu ni chakula ya mbuzi."

"Na Tabby?"

"Tabby nitamwachisha pole pole. Mimi mwenyewe. Nakuapia."

Ruguru alimtazama. Shavu la kushoto la mume wake lilikuwa limevimba muguka aliokuwa akiutafuna tangu mchana, na alikuwa akiapa huku akiutafuna. Alitaka kucheka, alitaka kulia, na akaishia kumpakulia chakula ambacho alijua hatakila.

*

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa chakula ambao haujaezekwa, watu wakajipanga upande wa kivuli cha ukuta. Wanawake wengi walikuwa wametoka moja kwa moja shambani, vidole vyao vya kijani. Gachoki aliomba mama mmoja afungue kwa maombi, kisha akaongea juu ya adabu. Aliongea vizuri, hilo lazima likubaliwe. Alisema mzazi ni mungu wa pili kwa mtoto. Alisema kuna watu wameanza kuwafundisha watoto kusema hapana kwa wazazi, na leo ni jani, kesho ni jembe, kesho kutwa ni shule yenyewe. Watu wakaguna kukubali. Wengine waligeuka wakamtafuta Ruguru kwa macho.

"Mwalimu ana neno fupi," akamaliza.

Ruguru alisimama. Alijua kwamba Ndwiga yuko nyuma kabisa karibu na geti, amevuta kofia usoni.

"Nimeambiwa niombe msamaha," alisema. "Na nitaomba. Naomba msamaha kwa watoto wenu. Wengi walianza kutafuna kwangu. Kwa shamba letu mimi na Baba Tabby. Nilikuwa naimba kwaya."

Hakuna aliyetarajia hilo.

"Wa kwangu mwenyewe nilimpa dawa ya minyoo. Sasa niambieni, nyinyi akina mama, ni nani hapa hajanunua dawa ya minyoo mwaka huu? Mtoto hali, mtoto halali, mtoto mkali kama nyuki. Mmeenda zahanati mara ngapi? Na sisi ndio tumempa."

"Madam, neno lilikuwa fupi," Gachoki akasema.

"Namalizia, mzee. Mmesema nafundisha watoto kukataa wazazi." Akavuta pumzi. "Ndiyo. Nafundisha. Kitu hiki kimoja, wakikatae kwa mikono miwili na kwa heshima. Jembe watashika. Maji watachota. Muguka wataichuma wakifikisha umri, ni mali yetu na mimi siionei haya. Lakini kwa mdomo wa mtoto, hapana. Na Jumatatu nitafundisha tena, na Jumatatu ile nyingine. Mkitaka kuandika uhamisho, jina langu mnalijua."

Kelele zilizotoka hapo hazielezeki. Mzee mmoja alimwita jeuri. Nyanya ya Gichovi alisema mwalimu huyu ameharibikiwa na vitabu. Mwingine akauliza kwa sauti kubwa kama Ndwiga ameshindwa na mke, na watu wakacheka, wakageuka kumwangalia. Kicheko hicho kilikuwa kibaya kuliko matusi yote. Ndwiga aliondoa kofia, akaikunja mara moja, akaivaa tena, akatoka getini bila kumngoja mtu.

Katikati ya fujo ile mama Kendi, Ednah, alikuwa ameinamia mikono yake. Alikuwa akikuna rangi ya kijani kwenye vidole vyake kwa kucha.

*

Jumamosi Ruguru hakwenda kwaya. Kulipokucha alikuwa getini kwa shamba, ameifunga leso kiunoni juu ya rinda la kazini. Wachumaji walipofika na watoto wao aliwaambia masharti mapya kabla hawajavua viatu. Mkubwa atachuma, na akitaka kutafuna ni shauri yake. Mtoto hataingia. Kuna uji barazani, wakae wanywe, wacheze.

"Uji utanijazia mfuko?" mwanamke mmoja akamwuliza. "Huyu wangu ananisaidia kilo nzima." Akamshika mtoto mkono akaondoka. Wengine wakamfuata, wakicheka na kusukumana, wakishuka njia ya kwenda kwa Gachoki, ambako mdomo wa kila mtu ulikuwa bado huru.

Alibaki mmoja tu. Ednah alikuja peke yake, bila Kendi, na kopo la githeri mkononi. "Mimi nitatafuna, madam, nisikudanganye," alisema. "Mimi nimezoea, siwezi kuchuma na mdomo mtupu. Lakini Kendi nimemwacha nyumbani. Analala. Ameanza kulala mpaka jua litoke, unajua? Mimi nilikuwa nimesahau mtoto hulala hivyo."

Wakaingia watatu, Ndwiga mstari wake, wanawake wa kwao. Ndwiga hakuwa amemsemesha mkewe tangu mkutano. Alichuma kwa hasira na kwa haraka, mikono miwili, na shavu likavimba mapema kuliko kawaida. Shamba lilikuwa limetoka vizuri kweli, linang'aa umande, na watu watatu katika shamba lile walikuwa wachache mno hata kutia huruma. Ruguru vidole vilimchanika kabla ya saa nne. Ng'ambo walisikia sauti za wachumaji wa Gachoki wakitaniana, sauti nyingi, na katikati yao za watoto.

Mchana pikapu ilipita juu barabarani. Ilipunguza mwendo getini, mtu akachungulia dirishani, kisha ikaongeza moto ikaenda. Ndwiga alisimama akaiangalia mpaka vumbi likalala.

"Nitapeleka soko la Kiritiri kwa pikipiki," alisema, si kwa mke wake hasa, kwa miti. "Huko watanipunja. Lakini watapima."

Hilo lilikuwa neno la kwanza. Ruguru akalichukua kama lilivyo, akaendelea kuchuma.

Tabby alikuwa amekaa barazani asubuhi yote na sufuria ya uji ambayo hakuna aliyeinywa. Jua lilipopanda sana akajaza kikombe, akakishikilia kwa mikono miwili kisimwagike, akashuka nacho mpaka mstari wa baba yake. Mama yake alimwona, lakini hakumwita. Alitaka kuona.

Ndwiga alichukua uji, akaunywa wote akiwa amesimama, na kwa shukrani, bila kufikiri, kama mtu anayejikuna, akanyoosha mkono juu ya mti. Akakata ile laini ya juu kabisa. Akamnyoshea binti yake.

Halafu akaona alichofanya. Mkono ulikuwa umeshatoka na haukujua namna ya kurudi. Kwenye mstari wa pili Ednah aliacha kuchuma. Ruguru alikuwa ameshika tawi na hakuliachilia.

Tabby aliitazama chipukizi. Aliitaka, hilo mtu yeyote angeliona, alimeza mate kabisa. Kisha akaweka kikombe chini, akajipangusa viganja kwenye gauni, akaipokea kwa mikono miwili. Akainamisha kichwa.

"Asante, Baba," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilisikika. "Lakini sitatafuna."

Na akairudisha, kwa mikono miwili.

Ndwiga alibaki nayo kwenye kiganja. Mdomo wake ulikuwa umejaa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo taya zilikuwa zimesimama. Alimwangalia mtoto wake, akamwangalia mama yake mtoto kule kwenye mstari wake, naye Ruguru hakushusha macho, hata kidogo. Kupokea kitu alichorudishiwa na mtoto, kwa adabu hivyo, hakuwa amefunzwa na mtu. Hakujua akiweke wapi.

Mwishowe akafungua mfuko uliokuwa kiunoni, akaitia ndani pamoja na nyingine, ikapimwe.